Mzigo Huu Umefungwa na Nani?



Miaka michache iliyopita kamati ya tawi letu moja la mashamba ya chai iliingia katika mazungumzo ya mishahara na mwajiri. Usiku wa kuamkia siku ile tulikaa tukapanga tutadai kiasi gani, na kama mambo yakiwa magumu tutashuka mpaka wapi. Kile kiwango cha mwisho tulikiandika katika barua-pepe moja tu, tukaipeleka makao makuu ya chama ili tupate ruhusa. Asubuhi tulipoketi mezani, upande wa mwajiri ulitaja shilingi zile zile za mwisho wetu, ukasema hauongezi hata senti, ukafunga daftari. Tulitazamana. Wenzetu walikuwa wanatungoja nje, nasi tuliwarudia na kiasi ambacho mwajiri alikwisha kukijua kabla hatujafungua mdomo.

Hatuna ushahidi wa kupeleka mahakamani juu ya nani aliisoma barua ile. Lakini tunajua iliandikwa kwenye kompyuta iliyokuwa katika chumba tulichopewa na mwajiri, ikapita katika waya wa intaneti anaoulipia mwajiri. Basi hatukuhitaji kupiga ramli.

Tukatafuta dawa. Kijana mmoja wetu, mwaminifu kabisa, akatuletea flashi yenye programu mbili: moja ya kufunga barua-pepe kwa siri, nyingine ya kupita kwenye intaneti bila kufuatwa. Tukaziweka kwenye kompyuta mpya ya tawi, iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama, tukalala usingizi. Baada ya wiki kadhaa kompyuta ikawa nzito. Fundi alipoikagua alikuta kwamba kifurushi cha ile programu ya pili kilikuwa kimebeba abiria. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo iliyonakili kila herufi tuliyoipiga na kuipeleka mahali tusipopajua. Kijana hakuwa na nia mbaya. Aliinakili kutoka kwa rafiki, na rafiki aliichukua kwa watu asiowajua. Kufuli lilikuwa zima. Mzigo ndio uliofunguliwa njiani ukafungwa tena.

Ndiyo maana leo hatuandiki juu ya uzuri wa kufuli. Makufuli mazuri yapo, na mengine yanatolewa bure. Tunaandika juu ya kazi ya kufungasha, kwa sababu hapo ndipo tulipoibiwa sisi, na hapo ndipo watu wa maghala na mashamba wanapoelewa zaidi kuliko wanavyodhani.

KAZI YA MFUNGASHAJI

Kila aliyewahi kufanya kazi katika ghala la kiwanda cha chai anajua kwamba mnunuzi aliyeko mnadani Mombasa hajawahi kukanyaga shamba letu. Hamjui mchumaji, wala hajui jani lilinyauka saa ngapi. Anachokiona ni gunia: jina la kiwanda, daraja la chai, uzito na namba. Akionja sampuli na kukubali bei, anaamini kwamba kilichomo ndani ya magunia yote ndicho alichokionja. Mfungashaji akichanganya majani au akikosea namba, kazi ya mchumaji, ya mtu wa mashine na ya mwonjaji yote imepotea.

Programu za kompyuta ni hivyo hivyo. Mwandishi wa programu huiandika kwa maneno na alama ambazo binadamu aliyejifunza anaweza kuzisoma. Maandishi hayo huitwa chanzo. Lakini kompyuta haiyatumii yakiwa katika hali hiyo. Hayana budi kupitishwa kiwandani, yakageuzwa kuwa lugha ya mashine ambayo mimi na wewe hatuwezi kuisoma hata tukiitazama mwaka mzima. Kisha huunganishwa na vipande vingine vinavyohitajika, hupewa namba ya toleo, hufungwa katika kifurushi kimoja, hupigwa sahihi kama lakiri ya posta, na kuwekwa katika ghala ambalo watu huja kuchukua. Mtu anayefanya kazi hiyo ni mfungashaji. Jina lake halitajwi kwenye magazeti. Lakini kile unachokiweka kwenye kompyuta yako kimetoka mkononi mwake.

Tutoe mfano wa barua-pepe. Mwaka 1991 Mmarekani mmoja, Phil Zimmermann, alitoa programu iliyoitwa PGP ya kusimba barua, yaani kuzigeuza maneno yake yasisomeke ila na yule mwenye ufunguo. Kila mtu huwa na funguo mbili. Mmoja huwapa watu wote, nao huutumia kumfungia barua. Wa pili hukaa nao mwenyewe kwa siri, na huo peke yake ndio unaofungua. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa miaka mitatu kwa tuhuma ya kusafirisha programu hiyo nje ya nchi bila kibali, maana sheria ilihesabu usimbaji kama silaha. Uchunguzi huo ulifutwa Januari 1996. Wakati huo huo watu wake walikuwa wamegundua njia: kilichokatazwa ni programu, lakini kitabu hakikukatazwa. Basi wakaupiga chapa ule chanzo katika vitabu. Mwaka 1997 wajitolea wa Ulaya waliingiza katika kompyuta zaidi ya kurasa 6,000 za vitabu vya toleo lililofuata, ukurasa kwa ukurasa. Tazameni: programu haikubadilika, kilichobadilika ni kifurushi, na kifurushi peke yake kikatosha kuvusha mzigo mpakani.

Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi mtu wa kawaida alishindwa kutumia ufundi huo. Katika kompyuta ya mezani ilimbidi apate vitu vitatu mbalimbali: Thunderbird, ambayo ni programu ya kusomea barua-pepe; GnuPG, ambayo ndiyo kufuli lenyewe; na Enigmail, kipande cha kuviunganisha hivyo viwili. Kila kimoja kilikuwa na watu wake na ratiba yake. Kimoja kikipata toleo jipya na vingine bado, ufunguo unagoma kuzunguka. Makatibu wengi wa vyama walijaribu mara moja wakaacha, wakarudi kwenye barua ya wazi. Mwaka 2020, kuanzia toleo la 78, Thunderbird ilianza kuja na kazi ya kusimba humo humo ndani. Kanuni za kusimba ni zile zile za zamani. Kilichofanyika ni kufungasha vizuri, na kwa hilo watu wengi wakapata kufuli ambalo lilikuwepo muda wote.

Hali kadhalika Tor, ambayo ni njia ya kupita kwenye intaneti kwa siri. Ombi lako linavikwa maganda matatu kama kitunguu, linapitishwa katika vituo vitatu, na kila kituo kinamenya ganda moja tu. Kituo cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui unakwenda wapi. Cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakikujui wewe. Utafiti wake ulianza katika maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990. Mwanzoni mtumiaji alijifungia mwenyewe vipande kimoja kimoja, na akikosea kidogo anaonekana. Tangu mwaka 2008 wameanza kuvifunga pamoja na kivinjari katika kifurushi kimoja kinachojulikana leo kama Tor Browser. Unafungua, unatumia. Kazi hiyo imewafaa waandishi wa habari na viongozi wa vyama vya wafanyakazi ambao wasingeweza kuifanya wenyewe.

MKONO UKIKOSEA

Lakini mkono ule ule unaotuwezesha unaweza kutuangusha. Tuna mifano miwili ambayo imethibitishwa wazi na wenye kazi wenyewe.

Wa kwanza ni wa Debian. Debian ni mkusanyiko mkubwa wa programu huria ulioanzishwa mwaka 1993, na hufungashwa na wajitolea wa nchi nyingi. Mwaka 2006 mfungashaji wao mmoja alikuwa anashughulikia kifurushi cha OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri. Chombo cha ukaguzi kilimpa onyo juu ya mistari fulani ya chanzo. Kwa nia njema aliondoa mistari ile ili onyo linyamaze. Kumbe ndiyo iliyokuwa inachanganya karata kabla ya kugawa. Tangu Septemba 2006 hadi ilipotangazwa tarehe 13 Mei 2008, kompyuta za Debian na ndugu yake Ubuntu zilitoa funguo ambazo, kwa kila aina na ukubwa, hazikufika hata 33,000. Mtu aliweza kuzitengeneza zote mapema akazijaribu moja moja mpaka mlango ufunguke. Miongoni mwa zilizoharibika zilikuwa funguo za OpenVPN, programu ya kujengea njia ya siri ndani ya intaneti. Waandishi wa OpenVPN hawakukosea hata herufi moja. Kosa liliingia ghalani, wakati wa kufunga mzigo.

Wa pili ni wa juzi tu, nao haukuwa bahati mbaya. Ipo programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ Utils, inayotumika ndani ya kompyuta nyingi mno. Ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, bila mshahara. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kazi kwa miaka zaidi ya miwili, kwa adabu na bidii. Watu wengine wasiojulikana wakawa wanamsukuma mtunzaji yule aliyechoka: mbona kazi yako inachelewa, mbona hukabidhi kwa mwingine? Mwishowe yule msaidizi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Mapema mwaka 2024 alitoa vifurushi viwili vyenye mlango wa nyuma, wa kumwingiza mtu kwa siri katika kompyuta za wengine. Na sikilizeni jinsi alivyofanya: kipande kilichoamsha hila ile hakikuwemo katika chanzo cha wazi ambacho kila mtu alikisoma. Kiliwekwa katika kifurushi peke yake. Aliyekagua shamba aliona majani safi. Sumu ilikuwa ndani ya gunia.

Hila hiyo iligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, ambaye aliona kuingia kwenye mashine yake kumechelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza. Alifuatilia mpaka akaufikia mzizi, akatangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla vifurushi vile havijaingia katika matoleo ya kawaida yanayotumiwa na watu wengi. Mfanyakazi yeyote wa kiwandani anamwelewa ndugu huyo. Ni sawa na yule mama wa mashine anayesikia mlio umebadilika kidogo, akasimamisha mkanda, huku msimamizi akimgombeza kwamba anachelewesha kazi.

MIZANI YA PILI

Je, tufanye nini, tuache kuamini kila kitu? La hasha. Mchumaji hakuacha kupima chai kwa sababu karani alikuwa anapunja kilo. Alidai haki ya kuangalia mizani, na palipokuwa na chama imara alidai mtu wake asimame pale akisoma mshale. Hakusema kwamba kila karani ni mwizi. Alisema uzito wa kweli ni ule ambao watu wawili, kila mmoja na macho yake, wanausoma sawasawa.

Wafungashaji wa programu nao wamefikia busara hiyo hiyo. Mwaka 2013 watu wa Tor Browser walianza kufunga vifurushi vyao kwa namna ambayo mtu mwingine, mahali pengine, akichukua chanzo kile kile na kufuata maelekezo yale yale, atapata kifurushi kile kile bila kupishana hata alama moja. Wenzao wa Debian walianza kuifuata njia hiyo mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba mfungashaji akitia kitu cha pembeni, kwa kupenda au kwa kulazimishwa, mizani ya pili itamsuta. Na mfungashaji mwenyewe analindwa, kwa kuwa hakuna faida ya kumtishia mtu ambaye udanganyifu wake utaonekana.

Kwa hiyo tunasema: mtu akikuletea programu ya siri, usimwulize tu kufuli lake lina nguvu kiasi gani. Muulize chanzo chake kiko wazi? Nani amekifunga? Sahihi yake inakaguliwaje? Kuna mwingine aliyepima kwa mizani ya pili? Akikujibu kwamba mambo hayo ni ya siri ya kampuni, umwamini tu, basi ndugu, umekwisha kupata jibu.

Swali hili linatugusa hapa kwetu. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao kama Facebook na WhatsApp. Watu wengi walikimbilia VPN za bure ili kukwepa. Ushuru huo uliondolewa mwaka 2021 ukawekwa mwingine wa asilimia 12 juu ya data, lakini mazoea ya kubeba VPN yoyote iliyo karibu yalibaki. VPN ni handaki, na mwenye handaki anaona nani anaingia na anatokea wapi. Umemkimbia mtu mmoja ukajikabidhi kwa mwingine usiyemjua hata jina. Anayekupa handaki bure, naye ana gharama za kulipa. Ni wajibu wako kujiuliza anazilipa kwa nini.

Wala si sisi peke yetu. China imefunga tovuti ya Tor, na hivyo watu wa huko hulazimika kuipata kwa njia za pembeni. Mwaka 2022 kampuni ya Kaspersky ilieleza jinsi kifurushi cha Tor Browser kilichochezewa kilivyosambazwa kwa Wachina kupitia kiungo kilichowekwa chini ya video ya YouTube. Nje kilikuwa Tor Browser. Ndani kilikuwa kinatunza kumbukumbu za mahali mtumiaji alipopita na kualika programu ya upelelezi. Ni hadithi ya flashi yetu, ila kubwa zaidi.

MSHAHARA WA MFUNGASHAJI

Hapa tunafika mahali ambapo chama cha wafanyakazi hakiwezi kunyamaza. Kufungasha ni kazi. Ni kazi ya kurudia kila wiki, kujibu malalamiko, kuziba tundu lililoonekana usiku wa Jumapili. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa bila ujira.

Ile GnuPG tuliyoitaja iliandikwa na Mjerumani Werner Koch, ambaye alitoa toleo lake la 1.0 mwaka 1999 na kuitunza kwa miaka mingi karibu peke yake. Makampuni na watu wa dunia nzima waliitegemea. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2015, gazeti la Marekani la mtandaoni, ProPublica, lilipoandika kwamba fedha zinamwishia. Hapo ndipo michango ilipomiminika, na makampuni makubwa kama Facebook yakaahidi dola 50,000 kwa mwaka. Ni vizuri. Lakini kwa nini mpaka mtu akaribie kuanguka ndipo tajiri aliyepanda mgongoni mwake atazame chini?

Na yule mtunzaji wa XZ aliangukiwa na balaa lile kwa sababu hiyo hiyo. Hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake, amechoka, halipwi, na maadui walijua mahali pa kusukuma. Mtu mmoja akibebeshwa zamu ya watu watano, ajali si bahati mbaya tena. Tumelisema hilo juu ya mashine za kukata mkonge na juu ya madereva wa matrekta. Sasa tulisemee na hili. Usalama wa siri zetu umesimama juu ya hali ya kazi ya watu wengine. Hatuwezi kudai kifurushi salama na papo hapo tukubali mfungashaji afe njaa.

WANAOPINGA

Wako ndugu wanaosema: sisi hatuna la kuficha, mambo ya siri ni ya wezi. Tunawajibu kwamba mwajiri naye anafunga orodha yake ya mishahara katika kabati la chuma, wala hakuna anayemwita mwizi. Jina la mwanachama mpya kabla chama hakijatambuliwa, ripoti ya dada aliyedhulumiwa na mnyapara, kiwango cha mwisho cha madai yetu: hayo ni mali ya wafanyakazi, na mali hufungiwa.

Wengine wanasema haya ni mambo ya wasomi. Sisi tunaoandika hapa tuliishia darasa la saba. Kuangalia lakiri ya mzigo kabla ya kuupokea hakuhitaji digrii. Makuli wa bandarini walikuwa wanafanya hivyo kabla hatujazaliwa.

Lakini tusidanganyane pia. Barua iliyosimbwa inaficha maneno, haifichi kwamba wewe ulimwandikia fulani saa fulani. Na kama kompyuta ni ya mwajiri, hakuna kufuli la kukusaidia. Aliyeshika mashine anaweza kuona unachokipiga kabla hakijafungwa. Vilevile sheria za nchi zetu hazifanani. Tanzania, kwa mfano, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake. Kila tawi limuulize mwanasheria wa chama kwanza, lisiwatie wanachama matatani kwa kutojua.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwanza, kila tawi lenye kompyuta limchague mwanachama mmoja awe karani wa mizani wa kompyuta hiyo. Yeye peke yake aweke programu mpya. Flashi ya mtu isiingizwe, hata iwe ya katibu mkuu.

Pili, programu ichukuliwe kwenye ghala lake lenyewe: Thunderbird kwa wenyewe Thunderbird, Tor Browser kwa wenyewe mradi wa Tor, au katika ghala la mfumo wa kompyuta yenu, kama Debian au Ubuntu, ambako mashine hukagua sahihi kabla ya kufungua mzigo. Ikichukuliwa moja kwa moja, karani ajifunze kukagua sahihi hiyo. Ni kazi ya nusu saa mara ya kwanza, na ya dakika chache baada ya hapo.

Tatu, kwa kazi nyeti iko Tails, iliyoanza mwaka 2009 na kujiunga na mradi wa Tor mwaka 2024. Ni mfumo mzima wa kompyuta uliofungwa ndani ya flashi moja, pamoja na Tor Browser na Thunderbird. Unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, unafanya kazi, unazima, na kompyuta haibaki na alama. Lakini flashi hiyo itengenezwe na karani mwenyewe kutoka ghala lake. Msiinunue sokoni.

Nne, tunapopeana funguo za barua-pepe, tusomeane alama za ufunguo ana kwa ana kwenye mkutano, au kwa simu mtu akiijua sauti ya mwenzake. Ufunguo ulioletwa na mjumbe usiyemjua ni sawa na mzigo usio na lakiri.

Tano, matoleo mapya yawekwe mara yanapotoka. Tundu lililokwisha kutangazwa linajulikana na mwizi kama linavyojulikana na fundi.

Sita, na hili tunalipeleka rasmi kwenye mkutano mkuu: chama kitenge fungu dogo kila mwaka kwa ajili ya wafungashaji wa programu tunazozitumia. Hatusemi fedha nyingi. Tunalipa karatasi, tunalipa mafuta ya pikipiki, tunalipa kodi ya ofisi. Anayetufungia mzigo wa siri naye ni mfanyakazi mwenzetu, ingawa hatujawahi kuonana.

Mwaka jana tawi letu liliingia tena mazungumzoni. Kiwango cha mwisho kilikwenda makao makuu kwa barua iliyosimbwa, kutoka kompyuta ya tawi, iliyokuwa imefutwa yote na kupangwa upya na dada mmoja wa idara ya kukausha chai ambaye sasa ndiye karani wetu wa mizani. Tulipoketi mezani, upande wa mwajiri ulitaja kiasi cha chini sana, ukatutazama usoni kutafuta jibu. Tulibishana siku tatu. Hatukupata yote tuliyoyataka. Lakini safari hii mwajiri alikuwa anabahatisha kama sisi, na kila shilingi tuliyoipata tuliipata kwa kubishana.

Basi shime, ndugu wafanyakazi. Kabla ya kuufungua mzigo, tazama lakiri yake.